Ardhioevu ya Kutengenezwa: Fidia ya Bonde Lililopotea na Masharti Yake

Mkoa wa Ruvuma hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Katika miezi inayobaki, wananchi wengi wa vijijini hutegemea maji ambayo ardhi imeyahifadhi. Sehemu kubwa ya akiba hiyo haimo katika matangi wala katika mabwawa ya zege. Imo katika mabonde chepechepe, vinamasi na chemchemi ambazo hupokea mvua ya masika na kuiachia kidogo kidogo hadi mvua nyingine inaporudi. Maeneo hayo ndiyo huitwa ardhioevu.

Wakati huohuo, mahitaji ya ardhi yanaongezeka. Makazi yanapanuka, barabara zinajengwa, mashamba yanasogea mabondeni, na katika mkoa huu shughuli za uchimbaji wa madini nazo zinaendelea. Bonde chepechepe mara nyingi huonekana kuwa eneo lisilo na kazi: halijajengwa, halina miti mikubwa, na wakati wa masika halipitiki. Ndiyo maana ni miongoni mwa maeneo ya kwanza kufukiwa, kuchimbiwa mitaro ya kukausha maji au kugawanywa viwanja.

Katika mijadala ya miradi ya maendeleo, hoja moja husikika mara kwa mara: mradi ukilazimika kuchukua bonde, mwenye mradi atatengeneza ardhioevu nyingine mahali pengine kama fidia ya mazingira. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Katika nchi kadhaa fidia ya namna hiyo imefanyika, na Tanzania yenyewe ina mfano unaojulikana duniani. Hata hivyo, uzoefu wote huo unaonesha jambo moja: ardhioevu inaweza kutengenezwa, lakini kwa gharama kubwa, kwa muda mrefu, na mara chache hulingana na ile iliyopotea. Makala hii inaeleza kwa nini iko hivyo, na mwananchi anapaswa kuuliza nini pale ahadi ya fidia inapotolewa.

Kazi ya bonde chepechepe

Ardhioevu hufanya kazi nne kubwa. Kwanza, hushika maji. Udongo wake, ambao mara nyingi ni mfinyanzi uliofunikwa na tabaka la mboji, hufyonza maji ya mvua kama sifongo na kuyaachia polepole. Mto unaopita katika bonde lenye matete huchelewa kufurika wakati wa mvua kubwa na huchelewa kukauka wakati wa kiangazi. Bonde hilohilo likikaushwa, maji huteremka kwa kasi katika masika na mto hubaki mkavu mapema.

Pili, husafisha maji. Matete, mafunjo na nyasi za majini hupunguza mwendo wa maji, hivyo udongo na takataka hutuama. Vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi huvunjavunja uchafu, na mimea hutumia sehemu ya mbolea iliyosombwa kutoka mashambani. Kampala, nchini Uganda, inatoa mfano ulio wazi. Kinamasi cha Nakivubo kwa miaka mingi kimepokea majitaka ya jiji kabla hayajaingia Ziwa Victoria, katika ghuba ileile ambako jiji huchota maji ya kunywa. Kadiri kinamasi hicho kilivyobanwa na viwanda, makazi na mashamba, ndivyo kazi ya kusafisha ilivyohamia kwenye mitambo, ambayo huendeshwa kwa fedha.

Tatu, huwapa wananchi riziki. Bustani za mabondeni, ambazo katika Nyanda za Juu Kusini hujulikana kama vinyungu, hutoa mboga, maharage na mahindi mabichi wakati mashamba ya milimani yamekauka. Humo hupatikana pia samaki, ukindu, nyasi za kuezekea, malisho na udongo wa kufinyangia vyungu.

Nne, ni makazi ya viumbe ambao hawawezi kuishi penginepo, wakiwamo ndege wa majini, vyura, samaki wachanga na mimea ya tiba.

Kwa wakazi wa Songea, umuhimu huo unavuka mipaka ya wilaya. Mto Ruvuma huanzia katika Milima ya Matogoro, kando ya mji wa Songea, na kusafiri takribani kilomita 800 hadi Bahari ya Hindi, sehemu kubwa ya safari hiyo ukiwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mto Luegu nao hupeleka maji ya mkoa huu kaskazini, ambako hukutana na Mto Kilombero na kuunda Mto Rufiji. Makadirio yaliyotumika katika mradi wa kufua umeme wa Julius Nyerere, wenye uwezo wa megawati 2,115, yanaonesha kuwa Luegu huchangia takribani asilimia 19 ya maji ya Rufiji. Kwa hiyo bonde dogo linalokaushwa katika kijiji kimoja ni sehemu ya hesabu kubwa zaidi.

Fidia ni ngazi ya mwisho

Wataalamu wa mazingira hupanga hatua za kulinda ardhioevu katika ngazi nne, na mpangilio wake haupaswi kugeuzwa.

Ngazi ya kwanza ni kuepuka. Swali la kwanza kwa mradi wowote ni kama unaweza kupelekwa mahali pengine, au kama barabara inaweza kupinda na kuliacha bonde.

Ngazi ya pili ni kupunguza madhara. Ikiwa barabara haina njia nyingine, iwekewe madaraja na makaravati ya kutosha ili maji yaendelee kupita, na ujenzi ufanyike wakati wa kiangazi.

Ngazi ya tatu ni kurejesha. Eneo lililoharibiwa kwa muda, kama vile mashimo ya kuchimbia kifusi au njia za mitambo, lisawazishwe na kuoteshwa upya mara kazi inapokwisha.

Ngazi ya nne ni kufidia. Hapa ndipo ardhioevu mpya hutengenezwa, au ardhioevu ya zamani iliyoharibika mahali pengine hufufuliwa, ili kuziba pengo ambalo ngazi tatu za awali zimeshindwa kuliziba.

Hatari hutokea pale mradi unaporuka moja kwa moja hadi ngazi ya nne. Ahadi ya kutengeneza bonde jipya ikitumika kama ruhusa ya kuharibu bonde la zamani, jamii hubadilishana kitu kilicho hai na kitu kilicho katika michoro.

Mfano wa Kihansi

Tanzania imewahi kulazimika kutengeneza ardhioevu kwa sababu ya mradi mkubwa wa maendeleo. Mfano huo ni wa Kihansi, katika miteremko ya Milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro.

Mto Kihansi ulikuwa ukianguka katika korongo refu kwa nguvu kubwa, na rasharasha za maporomoko zililowesha kingo za korongo mchana na usiku, mwaka mzima. Rasharasha hizo zilitengeneza ardhioevu ya pekee: eneo dogo la hekta chache tu, lenye nyasi na kuvumwani zisizokauka. Humo aliishi Chura wa Kihansi, ambaye mwili wake hauzidi sentimita 3, na ambaye hazai mayai ya kuelea majini kama vyura wengine, bali huzaa watoto kamili. Hajawahi kupatikana mahali pengine popote duniani katika mazingira yake ya asili.

Chura huyo aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa kufua umeme wa megawati 180 ulikuwa umekwishaanza kujengwa. Mwaka 2000 maji ya mto yalielekezwa katika mitambo. Mtiririko katika maporomoko, ambao kwa wastani ulikuwa takribani mita za ujazo 16 kwa sekunde, ulishuka hadi chini ya mita za ujazo 2. Rasharasha zilikoma karibu zote, na ardhioevu ikaanza kukauka.

Hatua zilichukuliwa. Mabomba yaliwekwa katika korongo kuteremsha maji na kuyanyunyiza kupitia vinyunyizio vidogo, ili kuiga rasharasha za asili. Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama. Kwa muda, mitambo ya kunyunyizia ilileta matumaini. Mimea ilianza kurudi, na kufikia katikati ya mwaka 2003 vyura katika korongo walikadiriwa kukaribia 20,000. Kisha, katika kipindi cha miezi michache tu, idadi hiyo iliporomoka. Ugonjwa wa ngozi unaosababishwa na kuvu, ambao umeua vyura katika mabara mengi, ulipatikana korongoni. Mwaka 2009, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilitangaza kuwa Chura wa Kihansi ametoweka katika mazingira yake ya asili. Vizazi vya wale waliotunzwa ng'ambo vilirejeshwa Tanzania mwaka 2010, vikapokewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ilianza.

Kihansi inafundisha mambo matatu ambayo yanahusu hata bonde dogo la kijiji. La kwanza ni kwamba uchunguzi wa viumbe na maji unapaswa kutangulia ujenzi. Ukija baadaye, nafasi ya kuepuka imekwishapotea na kinachobaki ni kutibu. La pili ni kwamba ardhioevu ya kutengenezwa inahitaji kuhudumiwa bila kikomo. Maporomoko ya asili hayakuhitaji mlinzi wala fundi, lakini kinyunyizio kinahitaji bomba lisiloziba, chujio safi, mtu wa kukikagua na bajeti ya kila mwaka. La tatu ni kwamba hata pale mimea inaporudi, uhai wote uliokuwamo si lazima urudi pamoja nayo.

Haya hayasemwi kwa kubeza umeme uliopatikana. Umeme wa Kihansi umewafikia Watanzania wengi, na taifa lilihitaji nishati. Linalosemwa ni kwamba gharama ya fidia ilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa mwanzoni, na ingekuwa nafuu zaidi kuijua mapema. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Uzoefu wa Marekani

Marekani ndiyo nchi yenye historia ndefu ya fidia ya ardhioevu. Mwaka 1989, serikali ya nchi hiyo iliweka lengo kwamba jumla ya ardhioevu isipungue: kila eneo linalofukiwa lizibwe na jingine. Makampuni yalianza kutengeneza vinamasi vipya, na baadaye yakajitokeza makampuni yanayotengeneza ardhioevu kwanza na kisha kuuza hisa zake kwa wenye miradi ya ujenzi.

Mwaka 2001, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia matokeo na kubaini kuwa lengo lilikuwa halijafikiwa. Baadhi ya maeneo yaliyoahidiwa hayakutengenezwa kabisa, na mengine yalitengenezwa lakini hayakufanya kazi kama ardhioevu. Mwaka 2008, kanuni zilikazwa: mwenye mradi alitakiwa kufuatilia eneo la fidia kwa muda usiopungua miaka 5 na kuonesha fedha za kulitunza.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya taarifa za maeneo 621 ya ardhioevu zilizotengenezwa au kufufuliwa sehemu mbalimbali za dunia, ulionesha kuwa hata baada ya karne moja, wingi wa mimea na wanyama ulikuwa kwa wastani pungufu kwa asilimia 26 ukilinganishwa na ardhioevu za asili. Uwezo wa udongo kuhifadhi kaboni na virutubisho nao ulikuwa pungufu kwa asilimia 23. Hata hivyo, utafiti huohuo ulionesha kuwa maeneo makubwa, na yale yaliyo katika nchi zenye joto, hupona haraka zaidi. Hilo ni jambo la kutia moyo kwa nchi kama Tanzania, mradi kazi ifanywe ipasavyo.

Namna inavyotengenezwa

Kutengeneza ardhioevu si kuchimba shimo na kulijaza maji. Bwawa la kufugia perege, ambalo ni jambo la kawaida katika vijiji vingi vya Ruvuma, lina faida zake, lakini si mbadala wa bonde chepechepe. Kingo zake huwa wima, maji yake hukaa palepale, na mimea huondolewa ili samaki wavuliwe kwa urahisi.

Kazi huanza na maji yenyewe. Lazima ijulikane maji yatatoka wapi, kwa kiasi gani na katika miezi ipi, na yatatokea wapi. Sehemu yenye matumaini zaidi ni ile iliyowahi kuwa ardhioevu na kukaushwa. Hapo mara nyingi inatosha kuziba mitaro ya kukausha maji, kuondoa kifusi na kuzuia mmomonyoko wa juu, kisha maji hurudi yenyewe. Kwa sababu hiyo, kufufua bonde lililoharibika huwa rahisi kuliko kuanzisha jipya mahali pakavu.

Hatua inayofuata ni udongo. Chini panahitajika tabaka linalozuia maji kupotea, na juu panahitajika udongo wenye mboji. Mradi unapolazimika kuchukua bonde, udongo wa juu wa bonde hilo haupaswi kutupwa. Una mbegu na mizizi ya mimea yake, na ukihamishwa ukiwa bado na unyevu, uoto wa zamani huweza kuchipua katika eneo jipya.

Umbo la eneo nalo lina maana. Kingo ziwe na mteremko mdogo ili pawe na sehemu ya maji ya kina, sehemu ya maji kidogo na sehemu yenye unyevu tu. Kila mmea una mahali pake: mafunjo na matete hukaa majini, nyasi ndefu hukaa pembeni, na miti rafiki wa maji kama mikuyu, mivengi na mizambarau hupandwa pembezoni. Mikaratusi haifai, kwa kuwa hunywa maji mengi na inaweza kukausha kile kinachojengwa.

Mwisho, eneo la juu ya bonde linapaswa kutunzwa. Bonde jipya litajaa mchanga katika misimu michache ikiwa milima inayolizunguka inalimwa bila makinga maji. Katika jambo hili, mkoa wa Ruvuma una hazina yake. Wamatengo wa Mbinga kwa vizazi vingi wamelima kwa ngolo, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta ya udongo uliofukiwa nyasi, katika miteremko mikali. Mashimo hayo hushika mvua, huipa nafasi ya kuzama ardhini na huzuia udongo kusombwa. Maarifa ya aina hiyo ni msaada mkubwa kwa ardhioevu iliyo chini ya mlima.

Ifahamike pia kuwa kuna ardhioevu za kutengenezwa ambazo lengo lake si kufidia bonde, bali kusafisha majitaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa teknolojia hiyo kwa miaka mingi, na katika mji wa Moshi, eneo la Mabogini, hutumika pamoja na mabwawa ya majitaka. Maji hupita katika kokoto zilizopandwa matete na kutoka yakiwa na uchafu mdogo. Ni njia nafuu inayoweza kufaa shule, hospitali na masoko. Hata hivyo, kinachotengenezwa hapo ni mtambo wa kusafisha maji, na haupaswi kuhesabiwa kuwa umechukua nafasi ya bonde lenye chemchemi na bustani za wananchi.

Hofu ya mbu na kichocho

Wananchi wengi huuliza kama kurudisha kinamasi karibu na makazi hakutaongeza malaria. Swali hilo ni la msingi. Baadhi ya mbu waenezao malaria hupenda kuzaliana katika madimbwi madogo ya wazi yanayopigwa na jua, kama vile nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali na mitaro iliyoziba. Ardhioevu yenye uoto mnene, maji yanayotembea, samaki, vyura na kerengende huwapa mbu maadui wengi. Eneo jipya ambalo uoto wake haujakua ndilo linalohitaji uangalizi zaidi. Ndiyo maana eneo la fidia hupaswa kuwekwa mbali kiasi na nyumba, na vyandarua viendelee kutumika.

Kuhusu kichocho, konokono wanaokieneza huishi katika maji yaliyotuama. Watu wachotee maji mahali palipojengwa vizuri, watoto wasiogelee katika maji hayo, na vyoo vitumike. Tahadhari hizo zinahitajika katika kila chanzo cha maji, kipya au cha zamani.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, pamoja na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari. Sheria hiyohiyo inampa Waziri mwenye dhamana mamlaka ya kutangaza ardhioevu kuwa eneo la hifadhi, na inataka miradi yenye athari kubwa ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kuanza. Tathmini hiyo ni lazima ishirikishe wananchi wanaoguswa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaruhusu ardhioevu na maeneo ya kingo za mito kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inalinda vyanzo vya maji.

Katika ngazi ya kimataifa, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhioevu tangu mwaka 2000. Mkataba huo, uliosainiwa nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, unaeleza kuwa nchi ikilazimika kupunguza eneo la ardhioevu iliyoorodheshwa kwa maslahi ya dharura ya taifa, inapaswa kufidia kadiri inavyowezekana. Tanzania ina maeneo manne katika orodha hiyo: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Bonde la Kilombero ndilo linalopokea maji ya Mto Kihansi.

Mabonde ya Songea hayamo katika orodha ya Ramsar. Hilo halimaanishi kwamba hayana ulinzi. Maana yake ni kwamba ulinzi wake wa kwanza upo katika sheria za nchi, sheria ndogo, mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji na uamuzi wa wananchi wenyewe katika mikutano.

Maswali ya kuuliza mkutanoni

Mradi unapofika katika kata na ahadi ya ardhioevu mpya ikatolewa, mwananchi ana haki ya kuuliza na kujibiwa. Maswali yafuatayo yanafaa kupelekwa katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, au kwa wataalamu wanaokusanya maoni ya tathmini:

1. Je, njia ya kuliepuka bonde imechunguzwa, na kwa nini imeshindikana?

2. Eneo la fidia liko wapi? Likiwa katika bonde la mto mwingine, wanaopoteza maji si wale watakaoyapata.

3. Ukubwa wake ni upi ukilinganisha na eneo linalopotea? Kwa kuwa ardhioevu mpya huwa na upungufu, fidia ya haki kwa kawaida huwa kubwa kuliko eneo lililochukuliwa.

4. Litakuwa tayari lini? Fidia nzuri huanza kabla bonde la zamani halijaguswa.

5. Nani atalitunza, kwa fedha zipi na kwa miaka mingapi, mkandarasi akishaondoka?

6. Wenye vinyungu na wanaochota maji katika bonde linalopotea watapata nini wakati wa kusubiri?

7. Umiliki wa eneo jipya utakuwa wa nani, na mipaka yake itawekewa vigingi lini?

Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano. Ahadi iliyoandikwa na kuingizwa katika mpango wa usimamizi wa mazingira wa mradi inaweza kufuatiliwa, lakini ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa.

Wajibu wa kila mmoja

Miradi mikubwa si chanzo pekee cha kupotea kwa mabonde. Mengi hupotea kidogo kidogo, kwa mtaro mmoja wa kukausha maji, shamba moja linalosogea hadi kwenye chemchemi, moto mmoja wa kiangazi na tanuri moja la matofali. Uharibifu wa namna hiyo hauna mkandarasi wa kudaiwa fidia. Jamii yenyewe ndiyo hulipa, kwa kutembea mbali zaidi kutafuta maji.

Kijiji kinaweza kuanza bila kusubiri mradi wowote. Kamati ya mazingira ya kijiji inaweza kuorodhesha mabonde na chemchemi zake, kuweka alama za mita 60, kuziba mitaro iliyoachwa, kuondoa mikaratusi kwenye vyanzo na kupanda miti rafiki wa maji mwanzoni mwa mvua. Wenye vinyungu wanaweza kukubaliana kuacha ukanda wa matete na nyasi kando ya kijito na kulima nje ya ukanda huo. Kazi hizo ni ndogo, na gharama yake haiwezi kulinganishwa na ya kutengeneza bonde jipya.

Mwananchi anayeona chanzo cha maji kikiharibiwa, au anayehitaji ufafanuzi kuhusu mradi uliofika katika eneo lake, aanzie kwa Mwenyekiti wa Kitongoji au Afisa Mtendaji wa Kijiji. Suala likizidi uwezo wa kijiji, hupelekwa kwa Afisa Mtendaji wa Kata na kwa Afisa Mazingira wa Halmashauri. Masuala ya huduma ya maji vijijini hushughulikiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) pamoja na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na vibali vya matumizi ya maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini.

Maendeleo yanahitaji ardhi, na ardhi inahitaji maji. Pale bonde linapolazimika kutoa nafasi, wananchi wadai jingine lililo bora, lililo karibu na lenye wa kulitunza. Pale ambapo haijalazimika, bonde liachwe lifanye kazi yake.